Matusi Niliyompelekea Milembe

Sijui kwa nini mnanisumbua mimi. Mwenye habari ni Milembe, na kaya yake mnaiona kutoka hapa, ile yenye ua wa minyaa. Mlimwendea, akawajibu, "Muulizeni yule bibi aliyelala kaburini kwa baba mkwe wangu." Basi mmekuja. Mjukuu wangu Nancy kaniletea makaratasi na kalamu mbili, anasema kina mama wa parokia kule Bariadi wanatengeneza kitabu cha maisha ya wanawake wa vijijini, na habari yenyewe iwe ya mabadiliko ya tabianchi. Nikamwambia hilo neno lako ni refu kuliko nyumba yangu. Herufi mimi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, tulifundishwa ndani ya ghala la pamba, na tangu siku hizo nimeandika barua chache tu na majina ya watoto nyuma ya mlango. Mkono unauma. Macho nayo yanauma. Lakini nikimwachia Nancy aandike yeye, ataiosha habari mpaka ing'ae, na habari hii haina cha kung'aa. Naandika mwenyewe. Atakayekuta herufi zimelala, azisimamishe.

Mimi ni Generoza, Ng'wana Maganga, yaani mtoto wa Maganga. Nakaa ng'ambo ya Nkoma, karibu na mto, tangu nilipoolewa. Milembe aliletwa hapa kutoka Migato kuwa mke wa Novatus, mtoto wa mzee Nyanda. Naikumbuka siku ile kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wazuri na mimi niliwatukana wote, mmoja mmoja, na wenye ng'ombe pia. Hiyo ni haki yangu. Ukoo wa baba yangu na ukoo wa Nyanda ni watani tangu mababu. Sisi tunasema babu yao alimkimbia simba akamwacha babu yetu juu ya mti. Wao wanasema aliyekimbia ni wetu. Mtani anakutukana mbele za watu, anakukamatia kuku wako mchana, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukifa, yeye ndiye wa kwanza kufika, na anaweza kukuzuia usizikwe mpaka apewe anachodai.

Mzee Nyanda alikuwa anapita kwangu asubuhi na ng'ombe wake. Tulianza hivi kila siku, kwa salamu yetu ya asubuhi:

"Mwangaluka, kibuyu kilichopasuka! Bado hujafa?"

"Nakungoja wewe. Nitashuka kaburini kwako nilale kwanza, nione kama wamechimba watu wenye akili."

"Utashuka sawa. Na kupanda je, kwa magoti hayo?"

"Utaninyanyua wewe."

Anacheka mpaka anakohoa, anaendelea na ng'ombe.

Nyanda alikuwa na ngitili kubwa. Kwa wasiojua, ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo mtu analifunga mvua zikianza, ng'ombe hawakanyagi mpaka kiangazi kikali, ndipo wanafunguliwa wakale. Yake ilikuwa na migunga minene na ilishuka mpaka ukingo wa mto. Na mto wetu ni wa mchanga. Mtu wa mbali akiuona mwezi wa nane anauliza, mto uko wapi? Uko chini. Maji yamo ndani ya mchanga. Mwanamke anachimba kwa mkono na kipande cha kibuyu mpaka kiwiko kizame, anangoja, maji yanakuja polepole, safi, ya baridi. Ya kwanza anamwaga, yanayofuata anateka. Kila mwanamke alikuwa na kisima chake pale kivukoni, amekizungushia miba ili mbuzi wasiingie. Hatukujua kuugua kwa ajili ya maji. Tuliugua mengine.

Sasa nieleze mto ulivyoharibika, na sitaki mtu aniambie ni mmoja aliyeharibu.

Mvua ndiyo ilianza. Ilikuwa inachelewa, watu wanapanda pamba, jua linaichoma, wanapanda tena, halafu inakuja yote kwa pamoja inabeba mbegu na udongo wa juu. Pamba iliyobaki ikaliwa na funza. Novatus akaona shamba halimlishi, akaenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Huko alipata mke mwingine na hatukumwona tena. Milembe akabaki na mtoto wao Anna na baba mkwe. Mtu wa nyumba kama hiyo akitaka chumvi anaangalia nini? Anaangalia mti. Milembe akaanza kukata migunga ya ngitili, anachoma mkaa. Mzee Nyanda aliruhusu, kwani kila ngitili ya kijiji hiki ilikuwa inakatwa na kila mwenye ngitili alikuwa na sababu yake. Miti ikaisha. Ukingo ukabaki mtupu, mvua ikija ukingo unamomonyoka, shamba la mpunga la Nyanda likaingia mtoni na majaruba yake yote.

Wakati huohuo Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa. Majengo kila upande. Majengo yanataka mchanga, na mchanga wetu ni mzuri, hauna udongo. Malori yakaanza kushuka mtoni. Vijana waliokuwa hawana pamba wakapata kazi ya kupakia. Na Milembe akachukua chepe.

Vijana walimkataa. Walikuwa kikundi, wanapakia kule juu kwenye kona ya mto, na kiongozi wao alimwambia mbele ya dereva, "Mwanamke akishika chepe mchanga unakimbia."

Milembe akamjibu, "Basi nipe chepe, tuone mchanga wako utakimbia kuelekea wapi, maana kwako unakupita miguuni." Ana mdomo. Tangu Migato anao.

Wakamfukuza. Akawa anapakia peke yake, huku chini kivukoni, dereva mmoja anampa safari asubuhi. Nimemwona kwa macho yangu akilijaza lori mwenyewe, kanga kaifunga kiunoni, mabega yamekuwa kama ya mwanamume mwenye plau. Kwa kazi ile Anna alivaa sare za shule na mzee Nyanda alikunywa uji wenye sukari. Sitasema alifanya vibaya wala vizuri. Nasema alilijaza lori.

Lakini pale mchanga unapotolewa panabaki shimo mpaka kwenye mfinyanzi. Mvua ya mwisho inalijaza, na lile la mfinyanzi halinywi maji. Yanasimama. Yanakuwa ya kijani. Ng'ombe wanaingia, watoto wanaoga, konokono wadogo weusi wanajaa kwenye majani ya pembeni, na jioni mbu wanatoka kama moshi. Zamani mto wetu haukuwa na konokono hao, kwa sababu haukuwa na maji ya kukaa juu.

Mwaka ule visima vya kivukoni vikaanza kuchelewa. Mwanamke anachimba mpaka bega lizame, anakaa, anakaa, anapata kibuyu kimoja. Kelele zikawa nyingi. Wazee wakaita dagashida, ule mkutano wetu wa jadi, na kamanda wa sungusungu, Dastan, akasimama akatoa amri: hakuna mtu kupakia mchanga pale kivukoni kwenye visima. Atakayepakia atatengwa. Kule juu kwenye kona ruhusa, kwa kuwa ni mbali na visima. Watoto wa Dastan walikuwa wanapakia kule juu. Nalitaja hilo kwa sababu mwenyewe analijua, na tulishalisema mbele yake.

Milembe alikamatwa pale kivukoni siku chache baadaye, chepe mkononi. Alikuwa na sehemu gani nyingine? Kule juu wamemkataa, huku chini wamemkataza. Akatengwa.

Wasomaji wa mjini labda hamjui kutengwa kulivyo. Hupigwi. Hufungwi. Unapita, hakuna anayekuamkia. Unaomba moto, hakuna anayekupa. Jembe huazimwi. Kisima cha kina mama huteki, na mtu yeyote anayekula chungu kimoja nawe naye hateki. Anayekupa kitu, au anayekuamkia tu, anatengwa naye. Kutoka ndani yake ni mpaka ulete fahali, achinjwe, wale wote, ndipo waanze kukusalimia. Milembe hakuwa na hata mbuzi. Ng'ombe wa mzee Nyanda walishauzwa kwa dawa za kifua chake. Dastan akamwambia kwa mara ya mwisho ambayo aliruhusiwa kusema naye, "Huna fahali, nenda mjini. Kule hakuna anayemsalimia mtu, hutaona tofauti."

Jambo lenyewe ndilo hilo. Milembe abaki kwenye kaya ya mumewe, au afunge virago aende kupanga chumba Bariadi na mtoto na mzee asiyeweza kutembea. Yeye alisema habanduki. Kijiji kikakaa kungoja abanduke.

Mimi nilifikiri usiku mmoja tu. Asubuhi nikachukua fimbo yangu, nikaenda nikasimama nje ya ua wa minyaa. Vijana wawili wa sungusungu walikuwa wamekaa njiani. Nikaanza kwa sauti:

"We Milembe! Mwizi wa mchanga! Ukoo wa watu wanaomkimbia simba! Umelala mpaka saa hizi kama chatu aliyemeza ndama?"

Kijana mmoja akainuka. "Bibi, huyo katengwa. Hasemeshwi."

"Nani anamsemesha? Namtukana."

"Ni kulekule."

"Si kulekule. Amri inasema asiamkiwe. Mimi nimemwamkia? Umenisikia nikisema mwangaluka? Kamwulize kamanda wako kama kuna amri ya kumzuia mtani asitukane. Na akisema ipo, mwambie nitaanza na yeye."

Akaenda kuuliza. Dastan alikwama. Utani si wake kuufuta. Uliwekwa na waliokufa. Akamwambia kijana, "Mwache atukane, atachoka."

Sikuchoka. Nilienda kila asubuhi, na matusi yangu yakawa na habari ndani. "Mvivu wewe, leo zahanati kuna nesi na wewe umejifungia kama kaa!" "Huna haya, wenzako wanapanda mtama mapema kwenye shamba la juu, wewe unangoja nini?" Naye alinijibu kutoka ndani, kwa sababu mtani akitukanwa lazima ajibu. "Bibi kizee, meno yameisha sumu imebaki!" Nikiisikia sauti yake ina nguvu, narudi nyumbani. Siku sauti ikiwa haina nguvu nakaa zaidi.

Siku moja alinijibu hivi: "Nenda zako! Mtoto wangu anakojoa damu na wewe unaniletea kelele!"

Nikausogelea ule ua. Kisha nikapaza zaidi. "Mjinga! Damu inakaa kwenye kibofu cha mtoto na wewe unakaa kwenye kigoda? Hicho ni kichocho! Mpeleke! Zahanati haikukutenga!"

Maana maji alikuwa anateka wapi? Alikuwa anateka kwenye shimo la lori, lile alilolichimba mwenyewe, na Anna ndiye aliyekuwa anaingia mpaka magotini kujaza ndoo. Mimi maji sikuweza kumpelekea. Tusi unaweza kulirusha juu ya ua. Maji huwezi kumrushia mtu yakafika.

Alimpeleka. Nesi pale si mtu wa huku, katoka Mwanza, hana habari na dagashida. Walimsimamisha Anna kwenye ule mti wa kupimia wenye alama, wakaangalia urefu wake unafika wapi, wakampa vidonge kwa urefu. Wakamwambia mama yake, asivimeze na njaa, atatapika vyote. Kwao chakula kilikuwa kimeisha. Nilijuaje? Alinitukana. Alisema, "Mtani gani wewe, unakuja mikono mitupu kama nzige aliyekosa shamba!"

Nikarudi kwangu, nikajaza michembe kwenye mkoba. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, wapishi wa mjini msije mkauliza. Nikaja nikaanza kumpiga nayo. Narusha kipande kimoja kimoja juu ya minyaa, na tusi kwa kila kipande. Vijana wa sungusungu wakasimama.

"Bibi, unampa chakula!"

"Nampiga! Huoni nampiga? Hiki kimempata kichwani!"

Milembe ndani akapiga yowe, "Ananiua! Nirushie kingine uone!"

Kijana mmoja alikaa chini akacheka mpaka akashika tumbo. Mwenzake alijitahidi kununa, akashindwa. Jioni Anna alikula michembe iliyochemshwa akameza vidonge.

Alipona, akaingia tena majini, akaugua tena. Mtoto ukimwambia usiingie majini, na maji ni hayo tu, umemwambia nini?

Basi kiangazi kikakaza. Kule kwenye kona ya juu malori yaliendelea, mashimo yakawa makubwa kama uwanja, na yale maji yaliyokuwa yanateremka ndani ya mchanga kuja kwetu yakawa yanaishia huko, jua linayanywa. Mchanga wa mto ni mmoja. Ukimtoboa mtu begani, damu itamwisha mpaka mguuni. Mwezi wa tisa visima vya kivukoni vilifika kwenye mfinyanzi. Kina mama wote wakabeba ndoo zao wakaenda kwenye mashimo ya malori. Sasa hapakuwa na aliyetengwa na asiyetengwa. Wote walikunywa yaleyale. Lakini amri ilibaki vilevile. Kijiji kinateka shimo moja na Milembe, na hakimwamkii.

Mwezi wa kumi watu wengi walihara. Wenye nguvu walipona. Mzee Nyanda hakuwa na nguvu. Aliharisha siku chache akaisha.

Nyanda alikuwa mtu mkubwa huku. Ndiye aliyewafundisha wengi kulima kwa plau, alikuwa mzee wa kanisa, vijana wa ngoma walimjua mpaka Mwamapalala. Hawezi kuzikwa kama mbwa. Na yeye hakutengwa, aliyetengwa ni mkwewe. Kwa hiyo wote walikuja, na sungusungu ndio waliochimba kaburi. Na kaya ya msiba ni ya Milembe. Mliwahi kuona kitu kama hicho? Watu wamejaa uani, wanampa pole Anna, mtoto. Wanampa pole katekista Leonidas. Walikaribia kumpa pole ng'ombe wa jirani. Milembe anapita katikati yao na sufuria ya chai, kichwa kimefungwa kanga nyeusi, wanamtazama kama anavyotazamwa mwehu. Chai waliipokea kwa mkono wa Anna. Ilipikwa na Milembe, kwa maji ya shimo, wakainywa.

Nilikaa nikaangalia. Sikulia. Watani hawalii.

Wakati wa kuzika ulipofika, wakaenda kaburini na jeneza. Wachimbaji walikuwa bado wameacha ngazi yao. Nikapita mbele ya katekista, nikavua ndala, nikashuka. Magoti yangu yananijua, nikishuka polepole hayasemi. Nikafika chini, nikalala chali, nikakunja mikono.

Juu wakaanza kucheka. Mtani analala kaburini, ni kawaida, anapewa chochote anatoka. Mtu akanirushia noti. Nikairudisha.

"Ongezeni, huyu bibi ana bei," mmoja akasema.

"Sitaki fedha."

Dastan akainama pembeni, akaniita mama kwa Kisukuma. Nilimwona uso wake na anga nyuma yake. "Mayo, unataka nini? Kuku?"

"Kuku wako wana kideri. Nataka mwenye msiba apewe pole."

"Wenye msiba tumeshawapa."

"Hujampa. Amesimama nyuma yako."

Kicheko kikaisha. Nikasikia udongo ukidondoka pembeni yangu, mtu kasogea.

"Mayo, lile ni jambo la dagashida. Alete fahali."

"Fahali ni mimi. Nimeshalala. Nichinjeni."

"Usitufanye watoto. Jua linazama, toka mzee azikwe."

"Mzikeni juu yangu. Nyanda hatalalamika, tumezoeana."

Kuna mtu alicheka, akakohoa kuficha. Katekista Leonidas akafungua kitabu, akakifunga. Dastan akasimama wima, nikawa naona viatu vyake tu. Akasema kwa sauti ya mkutano, "Aliharibu visima vya kina mama. Nani hajui?"

Hapo nikasema nilichokuwa nacho. Mtani akiwa kaburini anasema, hakatazwi. "Dastan, mjukuu wako Keneth anakojoa nini?"

Viatu vyake vikasogea nyuma.

"Nakuuliza mbele ya marehemu. Anakojoa nini? Anaoga kwenye shimo la nani? Lile la juu, la watoto wako, au hili la Milembe? Na nyie wengine mnaojificha nyuma ya kanga. Ambaye mtoto wake hajakojoa damu mwaka huu, anyooshe mkono. Mimi nimelala, sioni. Mwenzenu awahesabu."

Nilingoja. Nilikuwa naona kipande cha anga na ukingo wa udongo na vidole vya Leonidas kwenye kitabu. Hakuna aliyesema "mimi." Huo ugonjwa watu huku wanauonea aibu, kila nyumba inadhani ni yake peke yake, inaficha suruali za watoto. Siku ile kila mmoja alimwona mwenzake kanyamaza.

Ng'wana Mwandu, mke wa Dastan, ndiye aliyevunja. Alisema kwa Kisukuma, polepole, kwa mume wake, maneno ambayo kwa Kiswahili ni hivi: "Mtoto anakojoa damu, babu Keneth, hujui kwa sababu hufui wewe."

Viatu vya Dastan vikageuka. Sikuona uso wake na sikumwona Milembe. Niliambiwa baadaye alikuwa kasimama na sufuria mkononi, hakuiweka chini. Nilisikia tu.

"Milembe," Dastan akasema.

Akakohoa, akarudia.

"Milembe. Pole na msiba."

Alichelewa kumjibu. Ana kiburi, afadhali. Halafu akasema, "Nimesikia."

Basi. Wakaanza na wengine, pole Milembe, pole mayo, pole mkwe wa Nyanda, mmoja kwa mmoja, kina mama wakaanza kulia kilio chenyewe cha msiba. Mimi nikiwa chini huko. Wakanisahau. Nilipotaka kuinuka mguu ulikuwa umekufa ganzi. Watu wanasema nilinyanyuliwa na wanaume wanne. Ni uongo, nilipanda ngazi mwenyewe, walinishika tu ili nisianguke. Tulikubaliana ataninyanyua Nyanda. Hakutimiza. Nilimwambia wakati wanamshusha, tumbo lako kubwa, ngazi haikutoshi.

Sasa mnataka niseme mto umepona. Haujapona. Dagashida ilikaa tena, wakafunga kona ya juu na kivuko, mto wote. Amri ilishika mpaka pamba iliposumbua tena. Siku hizi lori moja moja linashuka alfajiri, dereva kazima taa, na nani hasa analipakia watu wanajua na hawasemi, kwa sababu na yeye ana mtoto wa kumnunulia dawa. Tunauza mchanga kununua dawa ya ugonjwa ulioletwa na kuuza mchanga. Nancy aliniambia wataalamu wana jina la hilo. Sihitaji jina lake.

Milembe hakuenda Bariadi. Chepe analo bado, analitumia kwenye vyoo vya watu na mitaro. Amefunga ngitili ya mkwewe, ile iliyokuwa imebaki vumbi. Amezungushia miba, anagombana na wenye mbuzi kila wiki, kashafikishwa kwa mtendaji mara kadhaa. Migunga imeanza kutoa vichipukizi kwenye visiki, inafika kiunoni. Ukingoni kapanda matete, mvua iliyopita ikabeba nusu, akapanda tena. Maji ya kisima hayajarudi. Mwaka huu alichimba, akapata mchanga wenye unyevu. Alinionyesha kwenye kiganja, akasema, "Bibi kizee, nusa." Nikamwambia unanuka kama ukoo wenu. Anna alimeza vidonge tena na ule mti wa kupimia sasa anafika alama ya juu.

Nimemaliza, mkono wangu umekuwa kuni.

Ila bado mna deni la kazi, nyie mnaosoma. Nancy anajenga Bariadi, kaniambia yuko kwenye lenta na karibu atapiga plasta. Wengi wenu mnajenga. Lori la mchanga likifika kwako, kabla halijamwaga, mwulize dereva kautoa mto gani, na pale kuna visima vya kina mama au hakuna. Akisitasita, mgeuze nalo arudi. Usimwonee huruma, mwache akutukane, si mtani wako lakini hutakufa. Kitabu chenu msiniletee, macho yangu hayawezi. Nileteeni alichojibu dereva.